Miezi 6 Hadi Mwisho: Kwa Nini Dawa za TB Hazikatizwi, na Gharama Yake Halisi

Mgonjwa wa kifua kikuu (TB) anapoanza dawa, mara nyingi kikohozi hupungua baada ya wiki chache. Homa ya jioni huisha, jasho la usiku hukauka, na nguo zilizokuwa zikimpwaya huanza kumkaa tena. Kufikia mwezi wa pili, wengi hujihisi wazima kabisa. Hapo ndipo wauguzi katika zahanati huulizwa swali lile lile: "Mimi nimepona. Mbona niendelee kumeza dawa miezi 4 zaidi?"

Swali hilo lina uzito. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, lakini kuzifuata si bure. Kuna nauli ya matatu au bodaboda, kuna siku ya kibarua inayopotea, na kuna kibanda cha mboga kinachofungwa mwenyewe akienda kliniki. Anayeacha dawa akiwa na nafuu si lazima awe mkaidi. Wengi hupiga hesabu na kuona kwamba wanaokoa pesa.

Makala haya yanaipiga hesabu hiyo hadi mwisho. Muda wa miezi 6 haukukisiwa. Ulipatikana kwa kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika hapa Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

DAWA YA KWANZA NA SOMO LAKE

Hadi miaka ya 1940, TB haikuwa na dawa ya kuitibu. Mgonjwa alilazwa, akalishwa vizuri na kupumzishwa, na wengi walikufa. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, iligunduliwa nchini Marekani mwaka wa 1943. Mwaka wa 1947, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianza kuijaribu kwa wagonjwa 107. Kwa njia inayofanana na kura, wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko pekee.

Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 walikuwa wamekufa katika kundi lililopata dawa, na 14 katika kundi ambalo halikupata. Kama watafiti wangeishia hapo, wangetangaza kwamba TB imeshindwa. Lakini waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wale. Baada ya miaka 5, waliokufa walikuwa 32 kati ya 55 waliopewa dawa, na 35 kati ya 52 ambao hawakupewa. Faida kubwa iliyoonekana mwanzoni ilikuwa karibu imeyeyuka.

Sababu yake ni usugu. Streptomaisini ikitumiwa peke yake iliua bakteria wengi, lakini wachache waliokuwa na uwezo wa kuihimili walibaki, wakazaana, na mwishowe dawa haikufanya kazi tena.

Kutokana na jaribio hilo, madaktari walijifunza mambo mawili ambayo yanaongoza tiba ya TB hadi leo. Kwanza, TB haitibiwi kwa dawa moja, kwa sababu bakteria anayeihimili dawa moja huuawa na nyingine. Pili, nafuu ya miezi ya mwanzo si kupona. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, mtazame mgonjwa muda mrefu baada ya kuimaliza.

MTAFITI ALIYEWEKA MATOKEO NA GHARAMA KATIKA MIZANI MOJA

Mmoja wa waliolichukua somo hilo na kulifanyia kazi maisha yake yote ni Wallace Fox, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1920 na kufariki mwaka wa 2010. Mwaka wa 1956 alitumwa Madras, mji wa India ambao leo unaitwa Chennai, kuongoza kituo cha utafiti wa tiba ya TB.

Wakati huo iliaminika kwamba mgonjwa wa TB ni lazima alazwe kwa mwaka mzima au zaidi katika hospitali maalumu, apumzike na ale vizuri. India ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda. Fox na wenzake walichukua wagonjwa karibu 200 kutoka mitaa maskini na kuwagawa makundi mawili. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja. Kundi la kwanza lililazwa hospitalini na kupata chakula bora na mapumziko. Kundi la pili lilibaki nyumbani, katika vyumba vilivyojaa watu, kwa chakula duni, na wengi wakiendelea na kazi zao.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1959 yaliwashangaza madaktari wengi. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Jamaa zao pia hawakuambukizwa zaidi ya jamaa za waliolazwa, kwa maana hatari kubwa kwa familia ilikuwa kabla ya mgonjwa kuanza dawa. Iligunduliwa kwamba chakula na mapumziko vinasaidia, lakini dawa zinazomezwa sawasawa ndizo zinazoponya.

Ndiyo maana leo mgonjwa wa kawaida wa TB katika kaunti yetu halazwi miezi na miezi. Hupewa dawa akaenda nazo nyumbani. Hata hivyo, Fox aliona tatizo jipya katika tiba hiyo: mgonjwa aliye nyumbani ni rahisi kusahau dawa au kuziacha. Tangu hapo, yeye na wenzake walitafuta tiba fupi zaidi, ambayo mtu angeweza kuifikisha mwisho.

HESABU ILIYOFANYIKA AFRIKA MASHARIKI

Katika miaka ya 1960, tiba ya kawaida katika eneo letu ilichukua kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Dawa zake kuu zilikuwa isoniazidi na thiasetazoni, na mara nyingi sindano za streptomaisini katika wiki za mwanzo. Zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa nafuu kwa serikali. Tatizo lilikuwa muda: wengi waliziacha kabla ya kumaliza.

Mwaka wa 1970, watafiti wa Afrika Mashariki na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walianza jaribio la tiba ya miezi 6. Wagonjwa walipewa streptomaisini na isoniazidi. Kundi moja likaongezewa rifampisini, ambayo ilikuwa dawa mpya ya bei ya juu sana. Kundi jingine likaongezewa pirazinamidi, la tatu thiasetazoni, na la nne halikuongezewa chochote. Kundi la tano lilipata tiba ya zamani ya miezi 18, ili kuwe na kipimo cha kulinganisha.

Mwishoni mwa miezi 6, karibu wagonjwa wote walionekana wamepona. Makohozi yao yalipopimwa, hayakuwa na bakteria. Kwa macho, kwa mizani ya uzito na kwa maabara, makundi hayo yalikaribia kulingana.

Kisha dawa zikasimamishwa, na watafiti wakaendelea kuwapima. Hapo tofauti ikajitokeza. Idadi ya waliorudiwa na ugonjwa ilikuwa hivi:

• Waliotumia rifampisini: 3 kati ya kila 100
• Waliotumia pirazinamidi: 8 kati ya kila 100
• Waliotumia thiasetazoni: 22 kati ya kila 100
• Ambao hawakuongezewa dawa: 29 kati ya kila 100

Kundi la rifampisini lilifanya vizuri kama la tiba ya zamani, kwa theluthi moja ya muda. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1972, na ndiyo msingi wa tiba ya miezi 6 inayotumika sehemu nyingi za dunia.

Watafiti hawakuishia hapo. Walijaribu pia kuupunguza muda hadi miezi 4 kwa kutumia dawa hizo hizo. Katika majaribio ya Afrika Mashariki, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila 10 alirudiwa na ugonjwa, na kwa baadhi ya michanganyiko ya dawa idadi ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Miezi 6 ilibaki kuwa muda mfupi kuliko wote uliomwacha karibu kila mgonjwa akiwa amepona kikweli.

Mgonjwa anayejihisi mzima katika mwezi wa pili yuko pale pale walipokuwa wagonjwa hao: ndani yake kuna jambo ambalo mwili wake hauwezi kumwambia.

BAKTERIA WANAOLALA

Jambo lenyewe ni hili. Bakteria wa TB hawaishi wote kwa namna moja. Wengi huzaana kwa kasi, na hao ndio huleta kikohozi, homa na kukonda. Wachache hukaa kimya, kana kwamba wamelala, na huzinduka mara moja moja.

Utafiti mmoja muhimu kuhusu jambo hili ulifanyika Nairobi. Daktari Amina Jindani na wenzake walihesabu bakteria katika makohozi ya wagonjwa siku baada ya siku kwa wiki mbili za mwanzo za tiba. Ripoti yao, iliyotoka mwaka wa 1980, ilionyesha kwamba isoniazidi huua sehemu kubwa ya bakteria katika siku mbili za kwanza tu. Baada ya hapo kasi ya kuua hushuka sana, kwa sababu waliobaki ni wale wa polepole.

Kila dawa ina kazi yake. Isoniazidi huwapiga wanaozaana kwa kasi. Rifampisini huwanasa waliolala wanapozinduka kidogo. Pirazinamidi huwafikia waliojificha mahali ambapo dawa nyingine hazifanyi kazi vizuri. Ethambutoli husaidia kuzuia usugu. Kwa hiyo miezi 2 ya mwanzo mgonjwa humeza tembe zenye dawa zote 4, na miezi 4 inayofuata humeza tembe zenye isoniazidi na rifampisini. Idadi ya tembe hutegemea uzito wa mwili.

Ukiziacha katika mwezi wa pili, umewaua bakteria waliokuwa wakikusumbua na kuwaacha waliolala. Hao ndio watakaoamka baadaye.

DAWA YA BEI NAFUU ILIYOGEUKA GHALI

Kwa miaka mingi thiasetazoni iliendelea kutumika Kenya na nchi nyingine za Afrika kwa sababu ya bei yake. Kisha virusi vya Ukimwi (VVU) vikaingia, na wagonjwa wengi wa TB wakawa na magonjwa yote mawili.

Mwaka wa 1991, watafiti waliofanya kazi Nairobi walichapisha matokeo yaliyobadilisha mambo. Miongoni mwa wagonjwa wa TB wenye VVU waliopewa thiasetazoni, mmoja kati ya kila watano alipatwa na madhara ya ngozi. Kwa baadhi yao ngozi iliharibika vibaya, na watatu walifariki. Kwa wasio na VVU, madhara hayo yalikuwa nadra sana. Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isitolewe kwa wagonjwa wenye VVU, na baadaye ikaondolewa katika tiba ya kawaida.

Bei ya tembe moja haikuwa gharama yote ya dawa hiyo. Gharama ilikuwa pia vitanda vya hospitali, wagonjwa walioogopa dawa wakaziacha, na maisha yaliyopotea. Hesabu hii haikuonekana kwenye stakabadhi ya ununuzi.

TAIFA HULIPA NINI, LINAPATA NINI

Swali la pesa za umma lilijibiwa zaidi katika nchi jirani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua TB, alishirikiana na serikali ya Tanzania kujenga mpango wa taifa wa TB. Mpango huo ulitumia rifampisini katika miezi 2 ya mwanzo, wakati mgonjwa akiangaliwa kwa karibu. Kisha ukaendelea na dawa za bei nafuu kwa miezi 6 zaidi. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejista, na mwishoni iliandikwa amepona, amefariki, amehama au ameacha dawa.

Kwa kuwa rejista zilikuwepo, hesabu iliwezekana. Mwaka wa 1991, Christopher Murray na wenzake walichapisha uchunguzi wa gharama za tiba ya TB nchini Malawi, Msumbiji na Tanzania. Waligundua kwamba tiba fupi, ingawa dawa zake zilikuwa ghali zaidi, iliokoa mwaka mmoja wa maisha ya mtu kwa chini ya dola 10 za Marekani. Kwa thamani ya pesa iliyotumika, iliweza kulinganishwa na chanjo za watoto. Mwaka wa 1993, Benki ya Dunia iliitaja tiba hiyo kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kuliko zote kwa pesa inayotumika. Mwaka huo huo Kenya nayo ilianza mfumo wa tiba inayosimamiwa, ambapo mgonjwa humeza dawa akiwa na mtu wa kumwangalia.

Hata hivyo, kubana matumizi kuna mpaka. Nchi nyingi ziliendelea na tiba ya miezi 8 ambayo iliacha rifampisini baada ya miezi 2. Mwaka wa 2004, jaribio lililoongozwa na Amina Jindani katika Afrika na Asia lililinganisha tiba hiyo na ile ya miezi 6 yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho. Waliopata matokeo mabaya walikuwa 5 kati ya kila 100 kwa tiba ya miezi 6. Kwa tiba ya miezi 8 iliyomezwa kila siku walikuwa 10 kati ya kila 100. Ndiyo sababu leo rifampisini humezwa muda wote.

FAMILIA HULIPA NINI

Dawa za TB ni za bure, lakini ugonjwa una gharama nyingine. Mwaka wa 2017, Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa gharama zinazobebwa na wagonjwa. Familia ilihesabiwa kuwa imeumizwa vibaya ikiwa TB ilimeza zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya mapato yake ya mwaka. Kwa TB ya kawaida, takriban familia 27 kati ya kila 100 zilifikia hapo. Kwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, zilikuwa takriban 86 kati ya kila 100.

Soma tena tofauti hiyo: kutoka familia 27 hadi 86. TB sugu hupatikana kwa njia mbili, kwa kuambukizwa na mwenye nayo au kwa dawa kutomezwa sawasawa.

Sasa turudi kwa mgonjwa aliye katika mwezi wa pili. Tuchukue mfano: nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200, na siku ya kibarua ni shilingi 600. Kila safari ya kliniki inamgharimu shilingi 800. Zimebaki miezi 4, na akienda mara moja kwa mwezi atatumia shilingi 3,200. Hizo ndizo pesa anazodhani ameokoa akiacha dawa.

Ugonjwa ukirudi, anaanza upya. Safari za kila wiki kwa miezi 2 ni 8, na za kila mwezi kwa miezi 4 ni 4. Jumla ni safari 12, yaani shilingi 9,600. Hapo hatujahesabu wiki alizokaa nyumbani bila nguvu za kufanya kazi, wala watoto aliolala nao chumba kimoja akiwa anakohoa. Weka nauli yako na ujira wako katika hesabu hii, uone jibu.

JINSI YA KUPUNGUZA GHARAMA BILA KUACHA DAWA

• Omba kuhamishiwa kituo kilicho karibu nawe. Ikiwa ulipimwa hospitali ya mbali, una haki ya kuendelea na dawa katika zahanati ya jirani inayotoa huduma za TB. Ukisafiri au kuhamia kaunti nyingine, omba barua ya uhamisho kabla ya kuondoka.
• Zungumza na mhudumu kuhusu siku. Ikiwa tarehe uliyopewa ni siku ya soko au ya kazi, sema. Ni afadhali tarehe ibadilishwe kuliko uikose.
• Usilipie dawa za TB. Hutolewa bure katika vituo vya umma. Ukitakiwa kulipa, muulize msimamizi wa kituo.
• Chagua msimamizi wa dawa. Anaweza kuwa mke, mume, mzazi, jirani au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kazi yake ni kukuona ukimeza na kutia alama kwenye kadi.
• Lete familia ipimwe mapema. Watoto walio chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na VVU hupewa kipaumbele. Ambaye hana ugonjwa anaweza kupewa dawa ya kumkinga.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Mkojo wangu umekuwa wa rangi ya machungwa. Je, ni damu?
Hapana. Ni rangi ya rifampisini. Haina madhara, na itaisha ukimaliza dawa.

Ni dalili gani zinazonipasa kurudi kliniki haraka?
Macho kuwa ya manjano, kutapika mfululizo, upele mkali wa ngozi, au kuona vibaya. Ganzi au kuchomwachomwa miguuni pia mweleze mhudumu. Kuna dawa ya kusaidia. Usiziache dawa za TB kwa uamuzi wako mwenyewe, ila ukiona dalili hizi nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Nikisahau dozi ya siku moja?
Imeze mara unapokumbuka siku hiyo hiyo. Kesho yake usimeze dozi mbili kwa pamoja. Ukikosa siku kadhaa, nenda kituoni bila kuona haya. Hakuna atakayekufukuza.

Naweza kunywa pombe?
Ni bora uache hadi umalize. Dawa na pombe kwa pamoja huumiza ini.

Mimi ni mjamzito. Je, dawa zitamdhuru mtoto?
Tembe za kawaida za TB hutumika wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. TB isiyotibiwa ndiyo hatari kwa mama na mtoto. Mweleze mhudumu kwamba una mimba. Ikiwa unatumia njia ya kupanga uzazi, mweleze pia, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya njia hizo.

Mtoto wangu hawezi kumeza tembe.
Kuna tembe za watoto zinazoyeyuka kwenye maji na zenye ladha nzuri. Kenya ilianza kuzitumia mwaka wa 2016, ikiwa mstari wa mbele duniani.

Nimesikia kuna tiba ya miezi 4. Ni kweli?
Kuna mchanganyiko mpya wa dawa wa miezi 4. Ulijaribiwa katika nchi 13, Kenya ikiwemo, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Baadhi ya dawa zilizotumika ni tofauti na hizi ulizo nazo. Dawa zako ukizikatiza mwezi wa nne, hujapata tiba hiyo mpya. Umekatiza ya zamani. Pia aina fulani za TB, kama ya mifupa au ya ubongo, huchukua zaidi ya miezi 6. Fuata muda ulioandikiwa.

Nitajuaje kwamba nimepona?
Si kwa kujihisi. Makohozi yako hupimwa mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Usikose vipimo hivyo.

KABLA YA YOTE, PIMWA

Haya yote huanza kwa kugunduliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba takriban watu 4 kati ya kila 10 waliougua TB nchini walikuwa hawajagunduliwa. Mtu wa namna hiyo huendelea kuambukiza nyumbani, kanisani, msikitini na ndani ya matatu. Akianza dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana baada ya takriban wiki 2.

Ikiwa una kikohozi kisichoisha, homa ya jioni, jasho jingi usiku, au unakonda bila sababu, nenda katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kipimo cha makohozi cha TB hakilipiwi katika vituo vya umma. Na ikiwa tayari unameza dawa na unajihisi mzima, shukuru, kisha umeze za leo. Ukikutana na jirani aliyeziacha njiani, usimcheke wala kumnong'onezea majirani. Mshike mkono, umrudishe kliniki.